Pampu ya Chini na Pampu ya Juu

Karoti na kabichi nyingi zinazouzwa katika masoko ya Dar es Salaam na Tanga hutelemka kutoka milima ya Usambara, na mojawapo ya masoko zinakokusanywa ni Lukozi, wilayani Lushoto. Mama wa mjini anayeguna akitajiwa bei hukumbuka gharama ya mbolea, na pengine nauli ya lori linaloshuka kona za Soni hadi Mombo. Gharama moja haioni kabisa, nayo ni ya kuyapandisha maji.

Huko maji yako bondeni na shamba liko ubavuni mwa mlima. Wazee wa Kishambaa walichimba mifereji iliyoyachukua maji kutoka juu na kuyaacha yateremke kwa uzito wake yenyewe, kazi ya akili isiyohitaji petroli. Lakini mboga za sokoni hulimwa hata wakati wa kiangazi, na mashamba yamepanda juu kuliko mfereji. Ndipo zikaja pampu ndogo.

Pampu nayo ina mipaka yake. Kila mita 10 za kupanda hudai nguvu ya kilo moja hivi kwa kila sentimita ya mraba. Zaidi ya hayo, hewa ya milimani ni nyepesi. Pwani, pampu nzima huweza kufyonza maji kutoka kina cha mita 7 hivi; kwenye mwinuko wa mita 1,800 hupoteza karibu mita 2 za kina hicho, na injini yake ya petroli hupungukiwa na karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Kwa hiyo mkulima mwenye shamba la juu huweka pampu ya pili katikati ya mlima, ipokee maji ya pampu ya chini na kuyasukuma tena.

Kiangazi kimoja nilikaa Lukozi siku tatu, nikashuhudia ugomvi uliotokana na mpango huo. Pampu ya chini ilikuwa ya mama mmoja mjane. Ya juu ilikuwa ya jirani yake, mwanamume wa makamo, aliyeunganisha mpira wake moja kwa moja na wa mama huyo kwa makubaliano ya kugawana petroli. Pampu ya juu iliungua. Karoti za yule bwana zilikuwa zimekaa siku sita bila maji, na alikuwa akitangaza sokoni kwamba mama yule amemtia hasara na lazima alipe. Watu wawili waliokopeshana mbegu kwa miaka mingi walikuwa hawasalimiani.

Fundi aliifungua pampu ya juu mbele yao wote wawili. Akatoa sili, yaani vile vipande viwili laini, kimoja cha kaboni na kimoja cha kauri, vinavyosuguana kuzuia maji yasivuje kwenye ekseli. Maji yenyewe ndiyo mafuta yake. Pampu ikizunguka kavu, sili huungua kwa muda mfupi tu. Hii ilikuwa imepasuka, na mpira wake umeyeyuka.

"Mnaona?" alifoka mwenye mali. "Aliniachia mashine kavu!"

Fundi hakujibu. Akateremka bondeni, nasi nyuma yake, akalivuta bomba la kufyonzea kutoka mtoni. Chekeche lake lilikuwa limezibwa nusu kwa majani na mchanga.

"Mama, maji yako yalikuwa yakipungua siku nyingi," alisema. "Nawe mzee, pampu yako ilidai kuliko ilivyopewa. Ilifyonza hata mpira ukabanana. Mngeweza kuliona hilo nyote wawili."

"Mwanangu," mama akasema, "mimi nilisikia mashine inanguruma kama kila siku. Ningejuaje?"

Niliona ni swali la haki. Injini hunguruma vilevile hata kama inasukuma maji kidogo. Jibu la fundi lilikuwa rahisi: siku pampu ikiwa nzima, jaza ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde, rudia kila wiki, hesabu ikirefuka, fungua chekeche kabla hujalaumu mtu.

Nchi yetu imewahi kulipa sana kwa kutohesabu hivyo. Mwaka 1971 ulianzishwa mpango wa miaka 20 uliokusudia kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo halikufikiwa, na sababu moja ni kwamba mitambo mingi iliharibika na kubaki imelala kwa kukosa vipuri, mafuta na mtu wa kuitunza. Sera za maji za mwaka 1991 na 2002 zikawataka watumiaji wachangie gharama, na mwaka 2019 ikaundwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Magazeti, kwa maoni yangu, yamependa mno picha ya kukata utepe. Siku ya kubadilisha sili haina mpiga picha.

Kule Lukozi mapatano yalichukua alasiri nzima. Bwana alinunua sili, mama akanunua chekeche jipya. Fundi aliwashauri wasiunganishe tena mpira kwa mpira, bali waweke katikati tangi la plastiki la lita 1,000, ili pampu ya chini ikizimika, ya juu ibaki na akiba ya dakika chache na mwenyewe aione ikishuka. Mama alikubali kuchangia nusu, kwa sharti kwamba naye atateka humo maji ya kupikia. Jirani alinung'unika, kisha akakubali.

Nilimweleza fundi kwamba hata mijini tunazo pampu za umeme, na wako wanaozifunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Alitikisa kichwa. Pampu ya namna hiyo, alisema, hunyonya maji ya jirani, na bomba likiwa na ufa hunyonya na uchafu wa ardhini. Akaniuliza kama huko kwetu tangi halina nafasi ya kuwekwa, na kama boya la kuizimia pampu maji yakiisha halipatikani madukani. Nikamwambia linapatikana.