Ampli iliyoungua na deni la kijana wangu

Juma lililopita mama mmoja aliniuliza pale soko la Kenya kama ni kweli sanduku letu lilinunua vyombo vya muziki mara mbili. Ni kweli. Na kwa kuwa maneno yanatembea katika Katuba haraka kuliko ukweli, acha niandike mwenyewe namna ilivyokuwa. Vikundi vingi hapa Lubumbashi vinakodisha vyombo kwa ndoa na kwa kilio, na mara nyingi sisi wamama tunatoa pesa halafu tunaachia vijana wachague. Mimi pia niliachia.

Kijana wangu anapiga gita la besi. Kikundi kilimkopesha dola 400 anunue ampli na bafle, arudishe kidogo kidogo kila akipata ndoa. Mimi ndiye mtunza sanduku, kwa hiyo mnaweza kufikiri macho yaliyonitazama siku ile mkopo ulipokubaliwa. Alikuwa amerudisha 150. Kisha, Jumamosi moja ya kiangazi, majira ambayo ndoa zinafuatana, wakapiga kwenye kiwanja kikubwa. Watu walikuwa wengi, vijana wakaona sauti haifiki nyuma. Wakaazima bafle nyingine kwa jirani, wakaiunga kando ya yetu. Sauti ilipanda kweli. Watu wakacheza. Karibu saa tatu ya usiku, katikati ya sebene, besi ikakatika na harufu ya kuungua ikatoka kwenye kichwa cha ampli. Bila besi ile sebene ilibaki kama bukari bila mboga. Bwana harusi alikata nusu ya malipo.

Kijana alirudi nyumbani, hakula. Akaniambia: « Mama, sikufanya kitu kibaya, niliongeza bafle tu. » Nilimgombeza. Leo najua alisema kweli, na kwamba hata mimi nisingejua.

Jumatatu tulipeleka ampli kwa fundi mmoja mzee. Aliifungua, akanionyesha vipande vyeusi, akauliza: « Mama, nyuma ya bafle yenu kumeandikwa omu ngapi? » Sikujua hata kuna kitu kimeandikwa. Kumbe nyuma ya kila bafle ya maana kuna namba, 4 au 8, na karibu yake alama inayofanana na kiatu cha farasi. Yetu ilikuwa 4. Ile ya kuazima nayo 4. Na nyuma ya ampli iliandikwa isishuke chini ya 4. Nikasema: « Basi 4 na 4 ni 8, shida iko wapi? » Fundi akacheka. Bafle mbili zikiungwa kando kwa kando, namba haijumlishwi, inashuka. 4 na 4 zinakuwa 2. Na 8 na 8 zinakuwa 4.

Alieleza kwa maneno mengi ya umeme na mimi sikushika, mpaka nikamwambia: « Papa fundi, ni kama kunyonyesha? » Akatulia, akasema ndiyo, ni hivyo kabisa. Bafle ya omu 8 ni mtoto anayenyonya polepole. Ya omu 4 ananyonya kwa nguvu. Mama mwenye afya anaweza mapacha wawili wanaonyonya polepole, ni sawa na mtoto mmoja mwenye nguvu. Lakini ukimpa mapacha wawili wote wenye nguvu, na yeye hakuandaliwa kwa hilo, anamalizika. Ampli yetu ilimalizika hivyo, watu wakiwa wanacheza.

Kuitengeneza kulihitaji dola 120 bila uhakika. Tukaiuza kama vipande, dola 60.

Mkutano wa mwezi ule sitausahau. Wamama wengine walisema tuache muziki, tununue viti na sufuria za kukodisha, kiti hakiungui. Walikuwa na haki. Pesa ile ilikuwa ya karo, na Septemba ilikuwa inakuja. Nilitaka kujiuzulu kutunza sanduku. Mama kiongozi akasema ikiwa ninaondoka, deni la 250 nani atalifuata? Mwishoni wakakubali kuongeza 300, kwa sharti mbili: nusu ya kila kazi irudi kwenye sanduku kabla kijana hajafika nyumbani, na mimi niende mwenyewe kununua. Nilikwenda, na kijana nyuma yangu akibeba gita.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni wati. Kila muuzaji anaimba wati. Bafle moja ilikuwa na 1000 kubwa mbele, kwa rangi ya dhahabu. Fundi alikuwa ameniambia nigeuze kila kitu, nisome nyuma. Nyuma kuliandikwa wati 250 za kudumu. Ile 1000 ni ya kilele, kufumba na kufumbua. Namba ya mbele ni ya muuzaji, ya nyuma ni ya chombo. Tena wati siyo sauti. Bafle mbili zinaweza kupewa umeme uleule, moja ikasikika hadi barabarani na nyingine ikabaki uani. Kwenye karatasi za bafle nzuri kuna namba ya desibeli: bafle inayozidi mwenzake desibeli 3 tu inakupa sauti ile ambayo ungeitafuta kwa kuongeza wati mara mbili. Kwa hiyo mwenye pesa ndogo asizimalize zote kwenye kichwa.

Cha pili, tulipata kichwa kizuri sana, chepesi, kilichotoka Marekani kwenye kontena. Bei ilinivuta. Nikageuza: volti 120. Umeme wetu ni 220. Muuzaji akasema ni kubadilisha tu kichwa cha waya. Ningemsikiliza, kingeungua kabla ya kufika ndoa ya kwanza. Ukinunua cha namna hiyo ongeza bei ya transfoma kubwa, na uombe mtu yeyote asiisahau nyumbani.

Mwishoni tulichukua Hartke HA3500 ya mtumba kwa dola 200. Ni nzito, imekwaruzika, lakini maandishi yake yako wazi: wati 350 kwa omu 4, wati 240 kwa omu 8. Hapo ndipo niliona jambo ambalo kwetu sisi wa pesa kidogo lina maana kuliko mengine yote. Tulikuwa na pesa ya bafle moja tu. Muuzaji alitaka kutupa ya omu 4, « ili ampli itoe nguvu zote ». Kweli ingetoa zote, lakini mlango ungefungwa: siku ya kuongeza ya pili tungerudi kwenye moto uleule. Tukachukua moja ya omu 8, tukakubali wati 240 kwa kuanza, na nafasi ya pacha wake ikabaki wazi.

Bafle hiyo ina spika moja ya inchi 15. Kijana alitaka ya spika nne za inchi 10, kwa sababu sauti yake inakata vizuri zaidi; ni kweli, lakini ile iliyokuwepo ilikuwa imepasuka pembeni na kuunganishwa kwa gundi. Nilimwambia apige kamba nene peke yake, bila kitu kingine, polepole. Kamba ile inatetemesha hewa mara 41 kwa sekunde, na hapo ndipo bafle mbovu inajitangaza: inakohoa, au ubao unapiga kelele. Bafle ya redio ya nyumbani ukiipa kamba ile utaisikia ikilia. Yetu haikukohoa. Dola 130.

Zilizobaki, 30, ziliishia kwenye stabilizateri ya mtumba na waya mnene wa bafle. Waya wa gita unafanana nao mdomoni lakini ndani ni mwembamba, haubebi nguvu hiyo. Vijana wanauchanganya kila siku. Na jenereta ikiwashwa, wanasubiri itulie kwanza ndipo wawashe ampli. Na kabla ya jenereta kuzimwa, ampli inazimwa mbele.

Miezi minne bafle moja ilitutosha kwenye viwanja vidogo. Kazi mbili kubwa tulizikataa, na kijana alinuna. Kisha akanunua pacha wake, namna ileile, omu 8 ileile, kwa sehemu yake mwenyewe ya malipo.

Nyuma ya kichwa nimeandika kwa rangi nyekundu ya mafuta: BAFLE MBILI TU, ZA OMU 8. Mwezi uliopita kiongozi wa kwaya moja alikuja kuazima, akasema wao wana bafle zao, watatu au wanne, wataunga zote. Nilimwonyesha maandishi. Tangu siku ile ananisalimia kwa kidevu.

Deni limebaki dola 310. Kitabu kiko kwangu, mwenye kutaka kukiona apite Jumatano baada ya saa nane.