Mzee Nyuma ya Dirisha

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1885, jeneza la Phoebe Woodruff lilipitishwa katika barabara za Salt Lake City, huko Utah, magharibi mwa Marekani. Waombolezaji walilifuata kwa huzuni. Mumewe, Wilford Woodruff, mzee wa miaka 78, hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amejibanza nyuma ya dirisha la ofisi ya kanisa, akiutazama msafara wa mazishi ya mke aliyeishi naye katika ndoa kwa miaka 48. Lau angetoka nje, angetiwa mbaroni.

Woodruff hakuwa mwizi wala muuaji. Alikuwa mkuu wa Mitume Kumi na Wawili katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kama Wamormoni. Kosa lake lilikuwa kuoa mitala. Kanisa lilikuwa limeitangaza itikadi hiyo hadharani mwaka wa 1852. Bunge la Marekani liliiharamisha mwaka wa 1862, na mwaka wa 1879 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba uhuru wa kuabudu haumpi mtu ruhusa ya kuivunja sheria ya ndoa. Hata hivyo, kuthibitisha ndoa iliyofungwa faraghani kulikuwa kazi ngumu. Ndipo Sheria ya Edmunds ya mwaka wa 1882 ilipotega mtego mpya: kule kuishi tu na wake zaidi ya mmoja kukawa kosa la kumfunga mtu miezi sita na kumtoza faini ya dola 300.

Tangu hapo, maafisa wa serikali kuu walivamia nyumba za watu usiku wa manane. Wanaume zaidi ya 1,000 walifungwa. Wanawake nao hawakusalimika. Mwaka wa 1883, Belle Harris alitiwa gerezani pamoja na mwanawe mchanga kwa kukataa kujibu maswali kuhusu ndoa yake. Waama, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Viongozi wakaingia mafichoni. John Taylor, rais wa kanisa, alihutubu hadharani kwa mara ya mwisho tarehe 1 Februari 1885, kisha akatoweka. Kwa zaidi ya miaka miwili aliliongoza kanisa kwa barua, akihama kutoka nyumba ya muumini mmoja hadi ya mwingine. Mkewe Sophia alipofariki Februari 1887, hakuweza kumzika. Yeye mwenyewe alifia mafichoni mjini Kaysville mwezi wa Julai mwaka uo huo. Woodruff naye alikimbilia kusini, karibu na St. George. Huko alivalishwa gauni refu na kofia ya kike ili, atokapo nje, adhaniwe kuwa bibi kizee.

Hapa ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Wanaume hawa walijificha ili kuzihifadhi ndoa zao, na kule kujificha kukawatenga na wake wale wale. Wanawake waliachiwa mashamba na malezi, huku watoto wakifunzwa kutomtaja baba yao mbele ya wageni. Serikali nayo, iliyodai kumkomboa mwanamke, ilimpokonya haki ya kupiga kura mwaka wa 1887, haki aliyokuwa nayo Utah tangu mwaka wa 1870.

Sheria iyo hiyo ya mwaka wa 1887 ililivunja kanisa kama shirika na kuamuru mali yake itaifishwe. Mahakama ya Juu iliiunga mkono Mei 1890. Mnamo Septemba mwaka huo, tamko lilitolewa kwamba rais wa kanisa angezitii sheria za nchi na kuwashauri waumini wafanye vivyo hivyo. Wapo wanaosema kwamba mwenye nguvu mpishe. Waumini husema kwamba Mungu alinena. Utah ilipata hadhi ya jimbo mwaka wa 1896, katiba yake ikiipiga mitala marufuku.

Rais aliyelitoa tamko hilo alikuwa Wilford Woodruff. Yamkini hapakuwa na mtu katika Utah nzima aliyeijua gharama ya kukataa kuliko mzee huyo, ambaye miaka mitano awali alimuaga mkewe kwa macho tu, akiwa nyuma ya dirisha.