Asipokuja Kesho, Nani Atapata Taabu?

Mwulize mtoto wa darasa la kwanza hapa mjini akutajie watu wanaoisaidia jamii, naye hatakuchelewesha. Atakutajia daktari, polisi, mwalimu na mzima moto, kwa mpangilio ule ule waliopangwa kwenye chati iliyobandikwa ukutani. Hata mimi niliyeanza shule miaka ya tisini nilitajiwa hao hao. Chati yetu ilikuwa na polisi mwenye vifungo vya kung'aa na muuguzi mwenye kitambaa cheupe kichwani, wote wakicheka. Babu yangu, aliyebeba magunia pale Kilindini hadi mgongo ukapinda, hakuwamo. Wala sikumbuki kama mtu yeyote alishangaa.

Ndiposa Oktoba 2019, nilipoalikwa na mwalimu mmoja wa Gredi ya Kwanza katika shule iliyoko Mbaraki niende nikazungumze na wanafunzi wake kama msaidizi wa jamii, nilikubali upesi. Nilikwenda na wasiwasi kidogo vile vile, kwani sijui hasa mwandishi wa makala za Jumapili anamsaidia nani.

Mwaka huo ndio ambao mtaala wa umilisi ulianza kutumika kote nchini katika madarasa ya chini, na wazazi walikuwa wakinung'unikia karatasi za manila, gundi na picha za kuchapishwa ambazo watoto walitumwa kila jioni. Manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake. Mzazi anayeshuka matatu saa mbili za usiku atampata wapi mwenye duka wa kumuuzia manila? Hata hivyo mtaala ule ulimhimiza mwalimu aanzie pale mtoto anapoishi, na jambo hilo mimi sikuliona baya hata kidogo.

Kwa msomaji asiyeijua Mbaraki, ni ile sehemu ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Upande mmoja kuna maghala na gati ambako meli hufunga kamba, na upande wa pili, si mbali, kuna kivuko cha Likoni. Hapo hapo pana Nguzo ya Mbaraki, mnara wa mawe ya matumbawe ulio wazi ndani, wenye urefu wa mita 14 hivi, umesimama kando ya msikiti. Nguzo ile ilikuwapo kabla ya gati na kabla ya feri, na kuna watu waliokuwa wakiiendea na ubani na mawardi kuomba haja zao. Mtoto wa pale hupita katikati ya yote hayo kila asubuhi akiwa na mkoba wake mgongoni.

Mwalimu yule hakuitumia chati. Aliwapanga watoto wake 52 kwenye lango la shule kabla ya saa mbili, wakiwa wameshikana mikono wawili wawili, akawaambia watazame tu wanaopita. Waliporudi darasani aliandika ubaoni swali moja, akalisoma kwa sauti: "Mtu huyu asipokuja kesho, nani atapata taabu?"

Nakwambia, msomaji mpenzi, darasa liliwaka.

"Yule wa maji!" akapiga kelele mvulana mmoja. Alimkusudia mzee avutaye mkokoteni wa mitungi ya lita 20.

"Asipokuja, kutakuwaje?"

"Mama hafui. Mimi nami sikogi."

"Na choo chanuka!" akaongeza mwenzake, na kicheko kikazuka hata mwalimu akageukia ubao kuuficha uso wake.

Alipowauliza maji yenyewe hutoka wapi, walijibu kwa pamoja: kwa mkokoteni. Na usiwacheke, kwani watu wazima wangapi wa kisiwani wajuao kwamba maji yao hutoka mbali hivyo, kwenye chemchemi za Mzima kule Tsavo, zaidi ya kilomita 200, na mengine Marere, Tiwi na Baricho? Bomba likikauka, kiungo cha mwisho cha safari hiyo ndefu huwa ni mzee yule na magurudumu yake mawili. Yeye hakuajiriwa na mtu, hana sare, na mvua ikinyesha hutota.

Wakafuata wengine. Mama wa mahamri na mbaazi: asipokuja, watoto huja shule na njaa. Mzoaji taka: mwalimu aliwakumbusha jaa la Kibarani, lililofungwa 2018, ambalo kila aliyeingia Mombasa kwa barabara alilazimika kuziba pua. Watu wa feri walitajwa kwa heshima kubwa, maana nusu ya darasa wana shangazi au nyanya ng'ambo ya Likoni. Alipotajwa polisi, sauti moja ya nyuma ikasema kwamba asipokuja utingo hufurahi. Nilidhani mambo yataishia hapo, kumbe kuna msichana alikuwa ameinua mkono. Nduguye aligongwa na pikipiki, akasema, na aliyembeba hadi hospitali ni polisi, wala hakutaka pesa. Darasa likanyamaza, na polisi akaandikwa.

Lakini aliyepigiwa makofi zaidi siku ile hakuwa amepita langoni. Alikuwa mpiga mbizi. Tarehe 29 Septemba mwaka huo gari lilikuwa limeteleza kutoka feri ya MV Harambee na kuzama kivukoni, likiwa na mama na binti yake mdogo, nayo miili ilikaa siku kumi na tatu chini ya maji kabla ya kuopolewa. Watoto wale walikuwa wameishi na habari hiyo nyumbani, njiani na madrasa. Walijua kina cha mkondo kuliko mimi niliyeandika habari. Mwalimu, ambaye ni wa rika linaloikumbuka feri ya Mtongwe iliyozama 29 Aprili 1994 na kuua watu 272, aliwaacha waseme mpaka walipotosheka. Hakuwakataza wala hakuwatisha. Mvulana mmoja alitaka kujua wapiga mbizi wale walikuwa wakila nini. Swali hilo sijaliona likiulizwa katika gazeti lolote, langu likiwamo.

Nikiwa nimeketi kwenye kiti kidogo cha plastiki, magoti yakinigusa kidevu, nilimkumbuka babu. Alikuwa kijana Januari 1947, wakati wafanyikazi wapatao 15,000 wa Mombasa walipoacha kazi kwa siku kumi na mbili hivi. Makuli wa bandarini waligoma, wakagoma watu wa reli, wahudumu wa hoteli, wapishi na watumishi wa majumbani. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu isipokuwa mkono wa mtu. Walikuwa wakikutanika kwenye uwanja wa mpira walioupa jina la Kiembeni, na katika mgomo ule kikazaliwa chama cha African Workers Federation, ambacho kiongozi wake mashuhuri, Chege Kibachia, alikamatwa kabla ya mwaka kwisha na kupelekwa mbali na pwani. Babu hakuwa mtu wa siasa. Alichokuwa akikisimulia, tena kwa kujisikia, ni kwamba siku zile winchi zilinyamaza, na mabwana wakubwa ndipo walipomjua mtu aliyekuwa akiwachemshia chai. Mji mzima wa watu wazima ulifundishwa somo la Gredi ya Kwanza, na waliofundisha ni wale ambao hawakuja.

Ikafika zamu yangu. Nilisimama, nikaeleza kazi yangu vizuri nilivyoweza. Mwalimu akawageukia: mwandishi huyu asipokuja, gazeti lisipotoka, nani atapata taabu?

Kimya. Nilianza kutokwa na jasho. Hatimaye msichana wa dawati la mbele akasema, kwa sauti ya kunionea huruma, "Nyanya hatakuwa na cha kufungia mahamri."

Jibu hilo nililipokea. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, nafasi yetu katika jamii imepanda, na mhariri wangu nilipomwambia alisema heri nusu shari.

Kipindi kilikuwa karibu kumalizika, kila mmoja keshapewa karatasi achore mtu aliyemchagua, nilipomwona mvulana ambaye hakuwa amechora kitu. Mwalimu alimwendea, akachutama kando yake.

"Mbona huchori, mwanangu?"

"Babangu hendi kazini," akasema, "na hakuna kilichoharibika."

Sijui kama wenzake walisikia. Mimi nilisikia vyema sana, na nilitamani ningekuwa kwingineko. Swali lile zuri la ubaoni lilikuwa limegeuka kisu. Ikiwa msaidizi ni yule ambaye asipokuja watu wataabika, basi baba aliyekaa nyumbani miezi miwili na dunia ikaendelea ni nani?

Baba mwenyewe alikuwa dereva wa trela. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa zaidi, lakini wa mbali nitawaambia. Reli mpya ilipoanza kubeba makontena mapema 2018, kazi ya malori ilipungua. Agosti 2019 ikatoka amri ya serikali kwamba mizigo inayotoka ng'ambo kwenda bara na nchi jirani ipakiwe kwenye treni, na mjini kukazuka maandamano ya kila Jumatatu. Oktoba ilitangazwa kuwa amri hiyo imesimamishwa, ila madereva wengi walikuwa tayari wamerudisha funguo kwa matajiri wao. Haikufutwa kabisa hadi Septemba 2022, ilipoingia serikali nyingine. Mimi sibishani na treni. Inabeba mzigo mwingi kwa haraka na haimwui mtu njiani kwa usingizi. Lakini hayo utamwambiaje mtoto wa miaka saba?

Mwalimu hakujaribu kumwambia. Alimwuliza tu, "Alipokuwa akienda, alikuwa akipita wapi?"

Mvulana akafikiri, kisha akaanza kutaja, taratibu, kama mtu anayehesabu shanga: Mazeras, Mariakani, Samburu, Taru, Maungu, Voi, Mtito Andei. Hakukosea hata mmoja. Watoto wa madawati ya karibu wakaacha kuchora wakamtazama, kwa kuwa wengi wao hawajapata kuvuka Makupa.

"Maungu kuna nini?"

"Kuna mama humuuzia wali. Humwekea na nyama ya chini ya sufuria, yenye mafuta. Kila safari."

"Na sasa?"

Akainua mabega. "Sasa huyo mama yuwauzia nani?"

Nilipata kupita Maungu na Mariakani miezi ile. Vibanda vingi vya chakula vilikuwa vimefungwa, na mahali palipokuwa pakiegeshwa malori mengi usiku kucha, mbuzi walikuwa wakilala katikati ya uwanja. Ilinichukua mimi siku tatu na nauli ya ofisi kukiona alichokijua yule mtoto bila kutoka Mbaraki.

Mwalimu akampa karatasi ya manila. Trela halikuenea. Akamwongezea ya pili, wakaziunganisha kwa gundi, na kazi ikaanza, magurudumu kwanza, mengi mno kuliko yanavyoruhusiwa na sheria ya barabara. Mwishoni kabisa, pembeni, akachora sufuria.

Wiki hiyo hiyo mji ulikuwa ukipakwa rangi kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, iliyoadhimishwa kitaifa tarehe 20 Oktoba katika uwanja wa Mama Ngina, si mbali na shule ile. Barabara zilifagiliwa mara mbili kwa siku. Mwalimu naye alikuwa na shughuli zake. Alimtuma mvulana nyumbani na barua fupi, si ya kudai karatasi safari hii, bali ya kumwomba baba aje darasani baada ya sikukuu awaeleze watoto habari za barabara.

Alikuja. Sikuwapo, ila mwalimu alinisimulia kwa simu. Alifika mapema kabla ya kengele, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, akakataa kiti. Mwanzoni maneno hayakutoka. Kisha mtoto mmoja akamwuliza kama amewahi kuwaona ndovu, naye akasema amewaona mara nyingi, baina ya Maungu na Voi, wakivuka barabara usiku, na kwamba wakivuka huzimi injini wala hupigi honi, unazima taa kubwa na kungoja. Wakataka kujua huwa anangoja kwa muda gani. Akasema inategemea kama wana watoto wao.

Kengele ya mapumziko ililia saa nne kasorobo. Mwalimu aliniambia aliwaruhusu watoke mara mbili, na bado walikuwa wamemzunguka wakimwuliza habari za breki.