Ngoma ya India ndani ya kompyuta: mlio unabaki, mpigaji je?

Filamu ya Kihindi ikiwashwa jioni kwenye televizio ya jirani, hata mtoto anayepita njiani anaitambua bila kuona picha. Ngoma ndiyo inayomwambia. Inaanza kama maji yanayodondoka, inakuwa kama mtu anayesema haraka haraka, halafu inanguruma chini kabisa. Watu wengi mashariki mwa Kongo wamekua wakisikia mlio huo bila kujua jina lake. Unaitwa tabla. Na siku hizi, katika filamu nyingi, hakuna mtu aliyekaa chini akaipiga kwa ajili ya filamu ile. Mlio unatoka ndani ya kompyuta.

Tabla ni ngoma mbili zinazokaa sakafuni mbele ya mpigaji. Ndogo ya mkono wa kuume ni ya mti. Kubwa ya mkono wa kushoto mara nyingi ni ya shaba, na nyingine ni ya udongo. Juu ya ngozi kuna duara jeusi. Fundi analitengeneza kwa uji wa unga uliochanganywa na vumbi la chuma: anapaka tabaka nyembamba, anasugua kwa jiwe, anapaka tena, mpaka duara litimie. Mwanasayansi C. V. Raman, Mhindi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1930 kwa kazi yake juu ya mwanga, alikuwa amelichunguza duara hilo miaka kumi mbele ya hapo. Alieleza kwamba uzito wake ndio unaoifanya ngoma itoe noti safi, karibu kama uzi wa gitaa, wakati ngoma nyingine nyingi zinatoa kishindo tu.

Kila pigo la tabla lina jina lake: na, tin, ge, ke. Mwanafunzi anayatamka kwa mdomo kabla mkono wake haujayaweza. Dha ni mikono miwili kwa mara moja. Kwa hiyo mpigaji hodari anaweza kuisema ngoma yake yote kama shairi, bila kuigusa.

Kompyuta inaipataje sauti hiyo? Mpigaji anaitwa studio. Anapiga pigo moja, ananyamaza mpaka mlio uishe, anapiga lingine. Anapiga kwa nguvu kidogo, kwa nguvu ya katikati, kwa nguvu sana. Kila pigo analirudia mara nyingi, kwa sababu sampuli moja ikirudiwa haraka, sikio linaigundua hapo hapo. Mafundi wa studio wanaulinganisha ubaya huo na bunduki ya rashasha, na hakuna mkimbizi anayehitaji kuelezwa mfano huo. Kisha vipande vyote vinakatwa na kupangwa kwenye vidude vya kinanda. Kuanzia siku ile, mtu aliye London au Los Angeles, ambaye hajawahi kugusa tabla, anaweka kidole na tabla inalia.

Kwa muziki wa filamu, hapo kazi ndiyo inaanza. Mtunzi anaweza kuishusha sauti mpaka ngoma ndogo iwe kubwa kama nyumba. Anaweza kuiongezea mwangwi wa pango, au kuchanganya tabla na dhol, ngoma ya Punjab inayopigwa kwa fimbo mbili, moja nzito ya upande wa chini na moja nyembamba ya upande wa juu. Mtu akikimbizwa kwenye picha, moyo wa anayetazama unakimbia pamoja na dhol.

Lakini kuna mambo yanayomshinda mtu wa kinanda. Mpigaji wa tabla anasukuma kifundo cha mkono wa kushoto juu ya ngozi, na noti inapanda au inashuka kama sauti ya mtu anayeuliza. Sampuli moja moja inaikosa safari hiyo ya katikati. Tena tabla inafungwa kwa noti ya wimbo, kwa nyundo ndogo. Mtunzi asiyejua hilo anaweka sampuli ya noti nyingine, na anayesikia anahisi kitu kimekwaruza bila kujua ni nini. Juu ya yote, mpigaji anajibu. Zakir Hussain, mwana wa Alla Rakha, aliyefariki Desemba 2024 akiwa na miaka 73, alipendwa dunia nzima kwa namna alivyozungumza na mwenzake jukwaani kwa vidole. Sampuli haimsikilizi mtu.

Hata hivyo mashini hizi zimefungulia watu mlango. A. R. Rahman alizaliwa Madras, leo Chennai, mwaka 1967. Baba yake, mtunzi wa muziki wa filamu, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na familia iliishi kwa kukodisha vyombo vya muziki alivyoviacha. Kijana alianza kazi ya kinanda mapema. Baadaye alifungua studio ndogo nyuma ya nyumba yao. Humo, kwa kompyuta, vinanda vya umeme na wapigaji wa kweli pamoja, alitengeneza muziki wa filamu Roja ya mwaka 1992, na India ikasikia kitu kipya. Mwaka 2009 alipata Oscar mbili kwa Slumdog Millionaire. Mtoto aliyefiwa na baba hakuhitaji kusubiri okestra ya watu hamsini impokee.

Okestra zile nazo zilikuwa na watu. Mtafiti Gregory Booth alikusanya kumbukumbu zao katika kitabu cha mwaka 2008. Kwa miaka mingi studio za Bombay zilijaa wapiga violini, tarumbeta na ngoma, ambao filamu ziliwalisha pamoja na watoto wao. Majina yao hayakuonekana kwenye pazia. Namna mpya za kurekodi na vinanda vya umeme vilipoenea, kufikia miaka ya 1990, kazi ile ya okestra kubwa ilikwisha.

Na nyuma ya mpigaji kuna mwingine aliyesahauliwa zaidi. Kusini mwa India kuna mridangam, ngoma ya mti wa fenesi yenye ngozi ya ng'ombe, ya nyati na ya mbuzi. Wengi wanaoipiga kwenye majukwaa makubwa ni wa tabaka la juu. Wanaoshika ngozi na kuitengeneza ni wa tabaka lililodharauliwa, wengi wao Wakristo. Mwimbaji T. M. Krishna aliandika kitabu juu ya mafundi hao mwaka 2020, akaanzia na familia ya Sebastian. Sikio la fundi ndilo lililojua ngozi ipi itaimba. Sampuli ya mridangam ikiuzwa, sikio lile limo ndani, ila jina lake halipo kwenye sanduku.

Hilo ndilo linaloifikia kambi. Mtu akikimbia vita habebi ngoma. Anabeba watoto, sufuria, na simu kama anayo. Ngoma ya arusi na ya matanga inabaki nyumbani, na nyumba haijulikani kama bado imesimama. Mzee anayejua mapigo yote anapokaa chini ya shiti, maarifa yake yote yako kwenye mikono miwili tu. Kijana mwenye simu anaweza kuyashika kwa jioni moja, juu ya bidoni tupu kama ngoma haipo: pigo moja moja, polepole na kwa nguvu, kisha mdundo mzima. Kazi hiyo ni njema, na safari ya tabla inaonyesha inavyoweza kufika mbali.

Inaonyesha pia kitu cha kufanya kabla ya kubonyeza kidude cha kurekodi. Mzee aulizwe jina lake, na jina la aliyemfundisha. Aulizwe ngoma hii inapigwa siku gani, na siku gani ni mwiko, ili mlio wa matanga usije kuwekwa chini ya tangazo la sabuni. Aulizwe kama anakubali sauti itoke nje, na makuta yakija, yatagawanywa namna gani. Yote hayo yasemwe kwa sauti, mwanzoni mwa rekodi yenyewe, ili yasafiri pamoja na ngoma.