Presha Ikishuka: Lugha ya Muuguzi Kando ya Mashine ya Kusafisha Damu

Katika Kiswahili cha kila siku nchini Kenya, mtu akisema "nina presha" hakuna anayemwuliza kama imepanda au imeshuka. Neno lenyewe limekwisha kuamua. Hata istilahi sanifu, shinikizo la damu, aghalabu hutumiwa kwa maana hiyo hiyo ya maradhi ya kupanda. Mazoea haya hayamdhuru mtu sokoni wala barazani. Madhara yake hudhihirika katika chumba cha kusafisha damu, ambako mgonjwa huingia presha ikiwa juu, na saa mbili tatu baadaye hatari inayomkabili ni ya kushuka.

Figo zikishindwa kufanya kazi, maji na chumvi hubaki mwilini, mishipa hujaa na shinikizo hupanda. Mashine nayo hutakiwa kuondoa kwa saa nne maji yaliyokusanyika kwa siku tatu au nne. Huyavuta kutoka kwenye damu, na yale yaliyo katika nyama za mwili yasipowahi kurejea mishipani kufidia, shinikizo huporomoka. Ndiposa muuguzi hupima kabla ya kuanza, kisha kila nusu saa au chini ya hapo, kwa mkono usio na mshipa ulioandaliwa kwa sindano za mashine.

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye uzito wake bila maji ya ziada ni kilo 62, alifika siku moja akiwa na kilo 66.2 na shinikizo la 164 kwa 92. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kutovuta zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kwa mwalimu huyo, hizo ni kama lita 3.2 kwa saa nne. Alikuwa amebeba lita 4.2.

"Sijanywa maji, sista," alisema, na alisema kweli. Kwake, maji ni yale ya glasi. Uji wa asubuhi, chai mara mbili, mchuzi wa jioni na vipande vya tikitimaji havikuwa katika hesabu hiyo. Muuguzi hakumkemea, kwani akemewaye leo hudanganya kesho. Alimwuliza tu, "Mwalimu, tangu Jumatatu umekunywa nini cha moto?" Orodha ikatoka yenyewe, pamoja na samaki wa chumvi. Chumvi ndiyo huleta kiu. Kumkataza maji mtu aliyekwisha kula chumvi ni kumtesa bure.

Lipo tatizo jingine, nalo limo katika adabu yetu. "Hujambo?" huitikiwa "Sijambo", hata na mtu anayeona kiza. Mzee anayejiheshimu hatamwambia binti wa umri wa mwanawe kwamba anazirai. Kwa hiyo muuguzi mzoefu haulizi hali, hutaja dalili. Je, unapiga miayo? Msuli wa mguu umeanza kubana? Jasho hili ni la joto? Katika saa ya tatu mwalimu alipiga miayo mara mbili. Kipimo kilionyesha 94 kwa 52.

Muuguzi alisimamisha uvutaji wa maji, akakilaza kitanda na kuinua miguu, akampa mililita 200 za maji ya chumvi kupitia mpira wa damu, akapima tena baada ya dakika tano: 112 kwa 60. Alipunguza pia joto la maji ya mashine, kwa kuwa ubaridi kidogo hukaza mishipa. Chapati ambayo mwalimu alikuwa ameanza kuila iliwekwa kando, maana chakula huvuta damu tumboni.

Hapo ndipo alipouliza kuhusu dawa. Mwalimu alikuwa amemeza vidonge vyake vya presha alfajiri, kwa sababu ana presha. Mantiki yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika neno. Hakuna aliyemweleza kwamba baadhi ya wagonjwa huelekezwa na daktari kuahirisha dozi hiyo hadi baada ya mashine.

Kilo moja na zaidi ya maji ilibaki mwilini. Kumwongezea saa kungemnyima nafasi mgonjwa aliyekuwa akingoja nje, na kumwita siku nyingine kungemgharimu nauli. NHIF, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na SHA mnamo Oktoba 2024, ilizoea kulipia vipindi viwili kwa juma, na ratiba za vituo vingi zikajengwa juu ya idadi hiyo, ilhali kwingi duniani desturi ni vitatu.

Muuguzi aliandika katika jalada: uzito wa kutoka kilo 63.6, daktari aangalie saa za dawa. Kisha kwenye karatasi ya kupeleka nyumbani, kwa herufi kubwa, hakuandika "maji". Aliandika: uji, chai, mchuzi, tikitimaji.