YULE DADA MLIYEMCHEKA KIINGEREZA, NIMESOMA NAYE DARASA MOJA

Leo hakuna ubuyu. Yaani upo, ila mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hiyo someni taratibu.

Mnamkumbuka yule dada wa Bongo Movie aliyehojiwa ugenini, akaulizwa amekaa huko muda gani, akajibu "I am fine, thank you"? Klipu ile wengi mliiona hapa hapa. Niliiposti mimi, nikaweka na vikatuni vya kucheka hadi machozi, mkashuka na komenti kama mvua ya masika. Jina sitaji na nyie msitaje, nitafuta.

Ambacho sikuwaambia ni kwamba mimi mwenyewe ningeulizwa swali lile ningejibu vile vile, au ningekimbia. Habari za mastaa wa mbele mnazosoma hapa nilikuwa nazichukua kwenye kurasa zao, nazibandika kwenye programu ya kutafsiri, nanyoosha Kiswahili kidogo, naweka picha, kazi imeisha. Mpaka siku msanii mmoja wa Marekani alipozimia jukwaani. Habari iliandikwa "passed out". Programu ikaniletea "alipita nje". Haikuniingia akilini, nikajiongeza: si kuna "passed away", basi itakuwa ile ile. Nikamzika mtu mzima. Saa mbili nzima watu wanaandika R.I.P., hadi mdau mmoja akaja: "Admini, marehemu wako yuko laivu Instagram." Posti nilifuta, ila nyie na skrinshoti zenu mnajijua.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha kozi ya Kiingereza ya jioni, hapa hapa Dar.

Msinione sikusoma jamani. Kidato cha nne nimemaliza. Msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, hadi historia ya babu zangu mwenyewe. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unazunguka nacho mpaka umkamate mwenzako. Chumba cha kompyuta tulikuwa nacho, zimefunikwa vitambaa kama makochi ya wageni, ufunguo anao mkuu wa shule. Miaka minne niliingia mara mbili, mara moja kufagia. Na kidato cha pili nilikutwa na kasimu kangu kenye kamusi (sawa, na nyimbo pia). Kalipigwa nyundo paredi, shule nzima inaangalia.

Sasa siku ya kwanza kozi, Madam anaingia, salamu, halafu anasema, "Haya, toeni simu." Mimi yangu nikaikalia. Nilijua ni mtego.

Haukuwa mtego. Nusu saa ya kwanza simu zinalala kifudifudi mezani, tunaongea kwa midomo yetu. Baada ya hapo ndiyo kazi inaanza. Mnajua ile alama ya maiki kwenye kibodi ya simu, unaongea inaandika? Madam aliweka lugha iwe Kiingereza, akatuambia tutamke neno moja moja. Nikasema "live", simu ikaandika "leave". Nikarudia. "Leave". Nikarudia kwa hasira. "Leave". Darasa zima wananiangalia, na tangu siku hiyo jina langu likawa Leave.

Maelezo yake yalinifungua akili. Kiswahili tuna irabu tano tu, a, e, i, o, u, basi. Kiingereza kina "i" fupi ya kwenye "live" na ndefu ya kwenye "leave", na sikio langu lilikuwa halijawahi kuzitenganisha. Nikamuuliza mbona nikisema sentensi nzima simu inaandika sawa? Akasema ukiongea kirefu simu inabahatisha kwa kuangalia maneno ya jirani, inakuokoa bila wewe kujua. Ndiyo maana anataka neno moja likiwa uchi. Kwa hiyo nyie mnaojisifu simu zenu zinawaelewa, jaribuni neno moja moja halafu mje hapa.

Programu ya kutafsiri hakuikataza. Alituambia tuandike "anapenda kupika", yangu ikaleta "he". Akauliza, nani kakuambia ni mwanaume? Kiswahili hakijasema. Mashine imeamua yenyewe. Akasema ukishindwa kuona hapo ilipoamua, basi hujatafsiri, umetafsiriwa. Nilimkumbuka yule marehemu wangu wa Instagram.

Na si wote tulikuwa na simu janja. Kulikuwa na kaka mmoja fundi bomba ana kitochi. Mara ya kwanza tulimwonea huruma. Madam akamtoa nje ya geti, akamwambia ampigie mwenzake aliyeko ndani, amwelekeze kwa Kiingereza njia ya kutoka stendi mpaka darasani. Hamuoni mdomo, huna mikono ya kuonyeshea, umebaki na sauti tu. Akawa anafanya hivyo kila kipindi. Sasa hivi tukisikilizishwa 6 Minute English ya BBC bila kusoma maandishi, sisi wa simu janja tunatoa macho, yeye anacheka mahali pa kucheka.

Sasa yule dada.

Alikuwa anakaa nyuma, baibui, barakoa, haongei. Siku ya tatu alicheka, na kile kicheko nchi nzima inakijua. Nilihisi tumbo linashuka. Mimi hanijui, ukurasa huu sijawahi kuweka sura yangu. Nikajifanya natafuta chaja.

Halafu Madam anatupanga wawili wawili, mimi na yeye. Kazi ya nyumbani: rekodi voisi ya dakika mbili kuhusu siku ngumu maishani mwako, mtumie mwenzako. Mwenzako anakurudishia kosa moja tu, si zaidi. Alisema ukirekebishwa makosa kumi kwa mpigo, kesho hutafungua mdomo.

Voisi yake ilinikuta Mbagala usiku, nimelala. Alikuwa anasimulia siku ya yale mahojiano. Muziki ulikuwa juu, hakusikia swali, akatabasamu na kujibu alichodhani kaulizwa. "In the night I see the page. My mother, she see also." Basi, akanyamaza sekunde kama tano hivi, maiki bado inarekodi, halafu akaendelea.

Nilisikiliza mara tatu. Ukurasa wenyewe hakuutaja. Kazi yangu ilikuwa kumrudishia kosa moja. Nikamwandikia, "Dada, ni she sees, usisahau s." Akajibu, "Asante mdogo wangu, wewe ni mwalimu mzuri." Wadau, sikulala.

Madam aliipenda ile voisi, akamwomba aiweke kwenye kundi la darasa ili wengine wapate moyo. Sheria ya kundi ilikuwepo tangu mwanzo, sauti ya mtu haitoki humu. Dada akasita siku mbili, akaiweka. Na kweli wengine wakafunguka. Kuna mama mmoja ana mgahawa Temeke, alikuwa akirekodi na kufuta mara kumi kabla ya kutuma, siku ile alituma voisi nne mfululizo.

Kama siku tatu baadaye, inboksi ya ukurasa huu: "Admini nina voisi ya yule staa anajifunza Kiingereza, nipe elfu 30." Nilitetemeka. Mtu mwenyewe nilimjua kwa picha yake, anakaa viti viwili kutoka kwangu. Hakujua admini ndiye Leave.

Nikamjibu hapana. Hapo ndipo ningependa niseme nilifanya jambo la maana, ila sikufanya. Sikumwambia mimi ni nani. Sikumwambia Madam, kwa sababu ningeulizwa kwa nini kaja kwako. Nikazima simu. Jumamosi voisi ilikuwa kwenye ukurasa mwingine, mnaujua, na wengi wenu mlipita kule mkacheka, majina niliyaona. Ile "she see also" imegeuzwa hadi wimbo. Na huyo jamaa alijifunza wapi kwamba vitu vya hivyo vinauzika? Aliniandikia mimi kwanza, si ule ukurasa mwingine.

Jumatatu asubuhi kwenye kundi pakatokea yale maandishi madogo, fulani ameondoka. Jioni Madam amesimama mlangoni na kapu la sokoni, kila mtu anatumbukiza simu. Hakugomba hata kidogo. Akaandika ubaoni kwa chaki, tukarudia kwa pamoja kama kidato cha pili. Yule mama wa Temeke ana wiki ya tatu hajasema kitu zaidi ya "yes Madam". Anayeruhusiwa simu ni fundi bomba peke yake na kitochi chake, na mwenzake wa ndani anaazimwa kitochi cha Madam.

Jana nilibaki baada ya kipindi, nikamwambia Madam kila kitu, kuanzia klipu. Hakusema neno, alinirudishia simu yangu kutoka kwenye kapu akaendelea kufuta ubao. Leo asubuhi klipu nimeifuta hapa. Najua imeshasambaa, msije kunifundisha.

Dada, kama bado unapita huku: mimi ndiye Leave, niliyekuwa nakaa kulia kwako. Ni mimi pia niliyeiposti. Namba yangu unayo, nitukane kwa lugha unayotaka. Ada yako bado ina wiki mbili na kiti hakuna aliyekikalia.