Siku yetu ya mwisho Unguja



Wengi kati yetu wanaijua njia ya Dar es Salaam kuliko wanavyoijua njia ya shamba. Tunapanda basi hapa Lubumbashi, tunapita Kasumbalesa, tunakata Zambia yote mpaka Tunduma, tunafika Kariakoo miguu imevimba. Siku tatu tunanunua vitenge, sahani na viatu vya watoto, kisha tunarudi tumelalia mizigo yetu kama kuku na mayai. Mimi nimefanya vile miaka 19. Bahari nilikuwa naiona kwa dirisha.

Mwaka huu tulitimiza miaka 30 ya ndoa. Bwana yangu akasema: «Mama watoto, safari hii tunaenda wawili, na hakuna mtu kununua hata kijiko.» Watoto walicheka sana, hawakuamini. Basi tukaenda. Kutoka Dar tulivuka kwa boti, karibu saa mbili juu ya maji, tukakaa Unguja siku nne. Siku tatu za kwanza sitawachosha nazo: tulilala, tukaoga baharini, bwana yangu akachomwa na jua. Nataka kuwaelezea ile ya nne.

Tuliamka saa tatu, jambo ambalo kwangu mimi ni karibu dhambi. Asubuhi watu wa kule wanakula mandazi na mbaazi za nazi. Bwana yangu alimaliza sahani mbili, kisha akamwuliza kijana kama mchana kutakuwa na bukari. Kijana akamtazama tu. «Ugali, baba,» nikamsaidia. Siku zote nne ilikuwa hivyo. Kiswahili ni kimoja, lakini wao wanakiimba, sisi tunakisukuma.

Tukatembea pole pole Mji Mkongwe. Njia zake ni nyembamba, nyingine ukinyosha mikono unagusa nyumba za pande mbili, na ukipotea unatokea tu baharini au sokoni. Bwana yangu ni fundi seremala, kwa hiyo safari yake ilikuwa milango. Alisimama mbele ya kila mlango, akapitisha kidole kwenye maua yaliyochongwa, kwenye minyororo iliyochongwa kuzunguka fremu, kwenye ile misumari mikubwa ya shaba ya njano iliyochomoza kama maziwa. «Mti huu umekula mvua zaidi ya miaka mia,» alisema, «na tazama, haujapinda.» Halafu, kwa sababu mtu wa Katanga hawezi kuiona shaba akanyamaza, akamwambia mwenye nyumba kwamba jimbo letu zamani liliitwa Shaba. Mwenye nyumba akasema karibu, akaingia ndani.

Sokoni Darajani nilifunga mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa. Soko lile lilijengwa mwaka 1904, na harufu zake zote bado zimo: pweza, nyama, mdalasini, karafuu, maembe. Sikununua. Lakini kuuliza bei si kununua, na niliuliza bei mpaka bwana yangu akakaa chini kivulini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tangu siku ya kwanza tulijua kwamba pale Mkunazini, karibu kabisa na soko, kuna kanisa la Waanglikana lililojengwa mahali palipouzwa watumwa. Siku tatu nilipata sababu ya kutokwenda: jua kali, kichwa kinauma, kesho. Nkambo yangu, mama ya mama yangu, alizaliwa upande wa Kasongo, Maniema. Alipotaja watu wa pwani alikuwa anashusha sauti, hata akiwa peke yake na sisi watoto jikoni. Na Kiswahili chake, kile alichotuimbia, kilitoka kwa watu haohao. Nilikuwa naogopa kukuta kitu pale na kukosa la kusema.

Bwana yangu alisema: «Kesho asubuhi tunapanda boti. Kama hatuingii leo, utaniambia habari yake mpaka Tunduma.» Tukalipa, tukaingia.

Nje, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu watano wamefungwa mnyororo shingoni. Ziliwekwa mwaka 1998. Wanatazama usawa wa miguu yako, na wewe unawatazama kutoka juu. Hapo ndipo unaona umesimama upande wa mnunuzi. Nilirudi nyuma hatua mbili.

Ndani ya kanisa, kijana aliyetuongoza alituonyesha duara sakafuni mbele ya altare: hapo palikuwa na mti ambapo watu walipigwa fimbo mbele ya kuuzwa. Akatuonyesha pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone mwaka 1873. Bwana yangu akatazama namna ulivyounganishwa. Mimi nikafikiri juu ya basi letu, miaka 19 linakata Zambia ile ile, nami nimelala juu ya vitenge.

Kijana akaeleza kwamba soko lilifungwa mwaka ule ule, 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mapatano na Waingereza. Alieleza vizuri. Lakini kuna kipande hakukisema, na mimi nilikijua kwa baba yangu aliyekuwa mwalimu. Kilitokea kwetu, Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Julai 1871. Livingstone alikuwa pale. Ilikuwa siku ya soko, na wengi waliokuja walikuwa wamama, na samaki wao, vyungu vyao na vyakula vyao. Watu wa wafanyabiashara wa pwani wakaanza kupiga bunduki katikati ya soko. Wamama wakakimbilia mitumbwi, wakajitupa majini. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika, Stanley akayatoa maandishi, na mwaka 1872 watu wa Uingereza wakasoma na kukasirika. Hasira ile ilikuwa moja ya nguvu zilizomsukuma Sultani.

Nilimwambia kijana habari hiyo. Nilimwambia kwamba mimi pia ni mama wa soko. Hakuharakisha kutupeleka mbele. Aliniuliza jina la mahali mara mbili, Nyangwe, Nyangwe, akaliandika kwenye simu yake. Ndani ya kanisa sikuliona limeandikwa popote.

Kutoka pale tulitembea bila kuongea mpaka Shangani, kwenye nyumba ya Tippu Tip. Ndiye huyo aliyetawala Kasongo, na mwaka 1887 Leopold akamfanya liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alikufa hapa mjini mwaka 1905. Nyumba si makumbusho, wanakaa watu, na nguo zilikuwa zimeanikwa. Mlango ni mzuri sana. Bwana yangu aliutazama akiwa mbali, na hii ndiyo mara ya kwanza siku ile hakuugusa mlango.

Tulirudi tukalala mpaka alasiri.

Jioni ni Forodhani, bustani ya kando ya bahari. Vijana wanajirusha majini kutoka ukutani, jua linashuka, meza za chakula zinawashwa taa. Karibu pale kuna Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ambalo upande wake ulianguka Desemba 2020. Tulikula mishikaki, tukanywa maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu, tukala ile wanayoita piza ya Zanzibar, ambayo ni chapati nyembamba iliyofungwa na nyama na yai. (Ulizeni bei mbele ya kula, wamama. Na mabega yafunikwe, ni mji wa Waislamu.)

Mwisho tukaketi kwa mama mmoja mzee mwenye urojo: supu ya njano, chachu kidogo, ndani yake kachori, bajia na viazi. Akanisikia naongea.

«Mwanangu, mmetoka wapi?»

«Kongo, mama. Lubumbashi. Lakini mama yangu ni wa Maniema.»

«Na Kiswahili hiki mmekipata wapi huko mbali?»

Bwana yangu aliacha kutafuna. Nikasema: «Ninyi ndio mlituletea, mama.»

Alikaa na kijiko chake juu. Sijui alichokuwa anafikiri. Kisha akachukua bakuli yangu, akaongeza kachori mbili, akaongeza supu, akairudisha kwa mikono yote miwili. Alipohesabu pesa, kachori zile hakuzihesabu.

Tulipokuwa tunarudi nilinunua karafuu nusu kilo. Bwana yangu aliniona, hakusema kitu. Yeye ndiye aliyezibeba.